Shimo la Watu Kumi na Wawili

Jumatatu, 2 Juni 1975

Tangazo limebandikwa bomani. Nimelisoma mara mbili, Esteri mgongoni akinivuta hereni. Chuo cha biashara kinatafuta wanafunzi watu wazima, waliokwisha kufanya kazi, wenye uzoefu. Aliyefika kidato cha pili anaruhusiwa kufanya mtihani. Mimi nilifika kidato cha pili! Tena, kwa kuwa mwaka huu ni wa wanawake duniani, nafasi moja ya wilaya yetu ni ya mwanamke. Moja tu. Na mama anayenyonyesha anaweza kwenda na mtoto wake.

Atakayehitimu atakuwa meneja wa duka letu la ushirika hapa Kasulu. Meneja hupewa nyumba ya nyuma ya duka. Naijua. Ina bati, ina jiko lake, ina mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani. Sisi tunakaa chumba kimoja uani kwa mama mkwe, na mlango wetu ni pazia. Mama mkwe hukohoa kabla ya kuingia, lakini anapokohoa anakuwa ameshaingia.

Nautaka ule mlango.

Nikajiandikisha, kisha nikamuuliza karani wanawake wangapi wamejiandikisha. Wawili, akasema. Wewe na Shamsia binti Isihaka.

Shamsia! Tunauza kwenye kaunta moja dukani. Yeye upande wa vitambaa, mimi upande wa chumvi na mafuta ya taa. Jioni yeye ananukia udi, mimi nanukia kibatari. Kiswahili chake ni cha babu zake wa pwani, kinateleza. Changu kinajikwaa kwenye Kiha kila baada ya maneno matatu.

Nimemwambia Esteri tutakwenda wote chuoni. Akanitapikia begani. Nimechukua hiyo kuwa ndiyo.

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu Khatibu wa elimu ya watu wazima ana kitabu cha maswali ya mazoezi. Kimoja, wilaya nzima. Ameamua tupokezane: siku za mwanzo wa wiki mimi, siku za mwisho Shamsia, Jumapili yeyote aliyenacho akae nacho. Mtu wa haki sana, Mwalimu Khatibu. Anatoka Pangani na bado anavaa sweta mbili.

Majibu yote yako kurasa za mwisho.

Nimezitazama kurasa hizo. Zilikuwa zimelegea. Nikazivuta kidogo kuona zimelegea kiasi gani. Zimelegea sana. Sasa ziko chini ya godoro, upande anaolala mume wangu Longinus, kwa kuwa yuko Manyovu anachanja ng'ombe na hatarudi mwezi huu mpaka mwishoni.

Ijumaa, 6 Juni

Shamsia amekuja na kitabu kwenye kaunta. Shoga, akasema, mbona huku nyuma kama pamenyofolewa? Nikamwambia panya. Nikamwambia panya wa kwetu wanapenda sana elimu.

Aliamini! Akasema basi atafanya maswali yote bila majibu, na akimaliza kila swali atakuja kuniuliza kama amepata. Amekuja mara nyingi leo. Wateja wa chumvi walinung'unika. Kila mara nimemjibu kwamba Mungu ndiye anayejua, na kila mara ameshukuru.

Sijalala. Esteri anaota meno. Anauma kila kitu isipokuwa chakula.

Jumapili, 8 Juni

Kitabu anacho Shamsia lakini majibu ninayo mimi, na maswali nimeyanakili. Swali la kwanza kabisa: mtu anatembea kilometa tano kwa saa, atachukua muda gani kutembea kilometa kumi? Jibu la kitabu: saa mbili.

Nikaanza kujiuliza. Nani huyo? Alipimwa na nani? Alikuwa amebeba nini?

Kwa shangazi yangu Epifania, kwenye barabara ya Makere, ni kama kilometa kumi. Nikasema, acha nijaribu. Baada ya misa nikamfunga Esteri mgongoni, nikaenda.

Mtu wa kwanza alikuwa bibi mwenye kikapu cha maharage. Mwakeye, mwakeye. Tukasalimiana kwa Kiha huku tukipigiana makofi ya heshima. Habari za nyumbani, za mume, za mama mkwe, za ng'ombe. Aliposikia mimi ni mke wa bwana mifugo akatua kikapu chini kabisa. Ana ndama anayekohoa. Nikamweleza nilichowahi kumsikia Longinus akisema. Mtu wa pili alikuwa shemeji wa huyo bibi, naye ana ng'ombe. Wa tatu amefiwa. Nikaingia, nikakaa, nikalia kidogo kwa adabu. Wa nne alitaka kumwona mtoto, kisha akamwita mwenzake aje amwone mtoto.

Nilifika jua limeshavuka utosini zamani. Shangazi aliponiona akashtuka. Akaniuliza mbona nimefika mapema hivi, nimegombana na watu njiani?

Nimerudi na miguu imevimba na jambo kubwa kichwani. Saa mbili! Anayefika kwa saa mbili ni mtu asiye na ndugu, asiyesalimia, anayekimbia kesi. Jibu la kitabu si kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Leo zamu yangu ya kitabu. Nimekwenda moja kwa moja kwenye swali la tangi. Bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, bomba jingine linatoa maji yote kwa saa sita. Yakifunguliwa yote, tangi litajaa lini?

Nimemwendea Mwalimu Khatibu darasani. Nikamuuliza ni nani amefungua bomba la pili. Akasema hilo halihusu. Nikamwambia linahusu sana, maji tunayachota bondeni, sisi hatuyachezei. Mwenye tangi yuko wapi? Kwa nini asimwite huyo mtu alifunge? Mwalimu akavua sweta ya juu. Akasema, Mama Esteri, hebu fikiria tu kwamba yako wazi. Nikasema nafikiria, na ndiyo maana naumia.

Na lile la muuza maziwa anayetia maji kwenye maziwa. Wanauliza ametia lita ngapi. Kwetu huyo hapigiwi hesabu. Kwetu anapelekwa kwa bwana afya.

Mwalimu aliniambia, kwa upole, kwamba nina akili ya udadisi. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Nimepata siri ya mtihani!

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nachambua maharage na mama mkwe. Yeye ni Theodosia, hajasoma, lakini hapendi kitu kisomwe karibu yake asielezwe. Akataka kujua kitabu kinasema nini. Nikamsomea: kati ya hivi vinne, kipi si cha kundi lake? Ng'ombe, mbuzi, jembe, kondoo.

Hakusita hata kidogo. Kondoo, akasema.

Nikatazama kurasa zangu. Kitabu kinasema jembe. Nikamwambia. Akacheka mpaka akamwaga maharage. Akaniuliza, mwana wanje, mwanangu, wewe ulitolewa mahari ya nini hapa? Ng'ombe, nikasema. Na nini? Mbuzi. Na nini? Jembe. Kondoo alikuwepo? Hakuwepo. Basi, akasema, huyo aliyeandika hicho kitabu hajaoa. Au ameoa bure.

Nikakaa na ungo mapajani. Kila kitu kikawa wazi. Tangazo linasema wanataka wenye uzoefu. Uzoefu! Si watoto wa shule. Kwa hiyo wameweka majibu ya mtego kitabuni, ili wale wanaokariri wanaswe, na wale walioishi wapite. Saa mbili ni mtego. Jembe ni mtego. Mtego mzuri sana, na mimi nimeuona na Esteri amelala nyonyoni.

Maskini Shamsia. Majibu ninayo mimi, yeye hana hata mtego wa kunaswa nao.

Hapo ndipo wazo lilipokuja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempa Shamsia majibu.

Nilimwambia nimeyakuta nyuma ya sanduku, kwenye kiota cha panya, yakiwa salama salimini. Nilikuwa nimekunja kunja kona za kurasa ili zionekane zimekaa na panya. Alinikumbatia mbele ya wateja. Akasema mtu mwingine angeyaficha. Akasema wenzake walimwonya kwamba Josepha ni mjanja, lakini yeye siku zote alijua nina moyo mweupe.

Nikamshauri ayakariri yote, neno kwa neno, asibadilishe hata moja. Hata kama moyo unakwambia vingine, shoga, andika kama kitabu.

Mchana akaniletea kaimati, bakuli zima, zimelowa shira. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikala.

Jumapili, 15 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, kwa sababu sasa hakuna wa kunishikia.

Swali: watu wanne wanachimba shimo kwa siku tatu, watu kumi na wawili watalichimba kwa siku ngapi? Kitabu: siku moja. Nilitaka kupata jibu la kweli. Vilevile choo chetu kimejaa. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Mazoezi yangu, na choo cha mama mkwe, vyote bure.

Nikawaita majirani kumi na wawili, akiwemo Kipriani fundi wa matofali. Wote walikubali. Ila, wakasema, kuna nini cha kulainisha koo? Na kweli, huwezi kuita watu kazini ukawapa maji.

Ndani kulikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi. Mama mkwe alikuwa ameutengeneza kwa ajili ya kaka yake anayekuja kutoka Kumsenga wiki hii. Yeye alikuwa kanisani. Nikasema nitaazima ya juu juu tu.

Walikuja wote. Jembe la kwanza lilipigwa asubuhi. Halafu nikagundua jambo ambalo kitabu hakisemi: ndani ya shimo wanaingia watu wawili. Hao kumi wengine wanafanya nini? Walikaa kivulini wakitoa ushauri. Wengine walisema liwe la duara, wengine liwe refu. Waliotaka refu wakashinda kwa sauti. Kila wawili waliotoka shimoni walipaswa kunywa, na kila wawili waliokuwa wanasubiri walipaswa kunywa ili wapate nguvu za kuingia. Kipriani aliingia akiwa amekunywa mara zote mbili. Alilala humo. Akasema kumekaa vizuri, kuna ubaridi.

Shimo lilikuwa limefika magotini.

Basi mama mkwe akatokea njiani kutoka kanisani. Akaona nini? Uani kwake watu wamejaa. Pombe inanywewa. Katikati kuna shimo refu, jipya, na mtu amelala ndani.

Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Akajitupa chini akimwita kaka yake kwa jina, akimuuliza kwa nini ametangulia. Nilimkimbilia, nikamwambia mama, ni choo! Ni choo, mama! Hakusikia. Majirani wa mbali wakasikia. Wakaja mbio, wanawake wameshafunga kanga viunoni, wengine wanalia kabla hawajajua wanamlilia nani. Kipriani akaamka kwa kelele, akakaa shimoni. Wawili walizimia.

Ilipoeleweka kwamba hakuna aliyekufa, watu hawakuondoka. Wakasema wametoka mbali na wameshalia. Ikabidi niwapikie.

Mama mkwe hasemi na mimi. Amesema tu, akiwa ametazama ukutani, kwamba hatamshika Esteri mpaka aone mwisho wa hilo shimo.

Jibu la kweli: watu kumi na wawili hawamalizi.

Jumanne, 17 Juni

Kaka yake mama mkwe amefika kutoka Kumsenga, mzima, ana afya. Mama mkwe amemlilia tena alipomwona. Mgeni akauliza kinywaji kiko wapi. Nilikwenda kuchota maji bondeni na sikuharakisha kurudi.

Kwenye kaunta, Shamsia ananisomea majibu kwa moyo huku akipima kitambaa. Saa mbili. Siku moja. Jembe. Nampongeza. Leo alikata mita moja badala ya mbili kwa sababu yangu.

Jumanne, 24 Juni

Longinus amerudi tangu Ijumaa. Siku ya kwanza alisimama juu ya shimo kwa muda. Akauliza hili ni la nini. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na majibu yangu niliyoyaandika, kila moja na maelezo.

Alisoma taratibu. Longinus hasemi haraka, amezoea ng'ombe. Akasema: Mama Esteri, haya ni kweli yote. Lakini wao wanataka wanachotaka wao. Kitabu kikisema jembe, si uandike jembe upate nyumba yako?

Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa upendo lakini nilimwambia. Nikasema yeye anajua ng'ombe, aniachie mimi biashara. Nitaandikaje jembe nami nimeolewa kwa jembe? Akasema haya. Akachukua sururu.

Amechimba peke yake, jioni kwa jioni baada ya kazi, bila kusema na mtu. Leo ameshafika chini, anatoa udongo kwa ndoo na kamba. Mama mkwe amekuja, amechungulia, amekohoa, amenyoosha mikono akamchukua Esteri.

Nilimkumbatia Longinus na udongo wake. Hajui alichonifanyia! Watu kumi na wawili walishindwa, mtu mmoja ameweza. Watu wakipungua ndipo kazi inapoisha. Nimeongeza hilo kwenye jibu langu.

Ijumaa, 27 Juni

Kibondo. Mtihani kesho. Tumekuja mimi, Esteri na Shamsia kwenye lori la mizigo la Mzee Isihaka, baba yake, kati ya magunia ya maharage. Tumefikia kwa Kuruthumu, shangazi yake Shamsia.

Vumbi limetugeuza rangi moja. Njia nzima Shamsia amempakata Esteri ili nipumzike. Nililala kabisa, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu Mei. Nilipoamka kitambaa chake kizuri cha hariri kilikuwa mdomoni mwa mtoto, kimetafunwa pembe nzima. Nikakivuta taratibu. Shamsia akakikunja, upande uliotafunwa ukawa ndani. Akaniambia tu kwamba bila mimi angekuwa anakwenda kuaibika.

Nikatazama nje. Miti ya miombo mingi sana njia hii.

Jumamosi, 28 Juni

Umekwisha! Nimefanya vizuri kupita kiasi.

Yalikuja maswali yaleyale, wamebadilisha majina tu. Nilikuwa nimesimama mwisho wa darasa, naandikia kwenye dirisha, Esteri mgongoni, maana nikikaa analia. Msimamizi alikuwa bwana mmoja mgeni mwenye miwani. Alikubali.

Swali la kutembea nilijibu ukurasa mzima. Nikaeleza salamu, msiba, ndama. Tangi: nikaandika lifungwe bomba kwanza, kisha waniulize tena. Muuza maziwa: nikataja ofisi ya kumpeleka. Shimo: nikaandika kila kitu, pamoja na Kipriani. Na walileta ng'ombe, mbuzi, jembe, kondoo, vilevile! Nikakandamiza kalamu. Kondoo, nikaandika, na nikamtaja mama mkwe kuwa shahidi.

Msimamizi alipita nyuma yangu, akasimama, akasoma. Halafu akaenda kwenye dirisha la upande wa pili akatazama nje muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nadhani aliguswa.

Kengele ililia sijafika nusu ya maswali. Si neno. Wenye uzoefu huandika kwa kirefu.

Shamsia alitoka na macho mekundu. Akasema ameandika majibu makavu tu, neno moja moja, akamaliza mapema na kukaa kama mjinga huku akiniona mimi naomba karatasi ya pili. Akasema ameona wazi kwamba mimi nimepita. Nilimshika mkono. Nikamwambia asihuzunike, nikiwa meneja nitambakisha upande wa vitambaa.

Nilimaanisha. Ni mfanyakazi mzuri.

Ijumaa, 18 Julai

Majina yametoka. Lipo moja. Shamsia binti Isihaka.

Nilisoma tena kutoka juu. Ni jina moja, halina juu wala chini.

Nimerudi dukani, nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la chumvi. Nimelia. Sikulia sana kwa sababu Esteri aliona ni mchezo, akaanza kucheka, akanipiga piga usoni kwa viganja. Nilimwambia, mama, tungefunga mlango, mimi na wewe na baba yako. Ungejifunza kutembea kwa kushika fremu yake. Akacheka zaidi. Ana meno mawili sasa.

Shamsia aliniona natoka, akalia yeye. Akasema nafasi hii si yake, ni yangu, hajui watu wa mtihani walitazama nini. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu yenye mafuta ya taa. Sasa ananuka kama mimi. Nilimpa mkono wa pongezi na nilimpa kwa nguvu, kwa sababu mtoto alikuwa anatazama.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda bomani nipewe maelezo. Siwezi kukaa na kitu nisichokielewa, kinaniwasha. Ofisa wa elimu alikuwa na karatasi zangu mezani. Akasema zimezunguka ofisi nzima na zimechelewa kurudi kwa sababu kila mtu alitaka azisome. Kuhusu alama, alisema kitu kidogo sana ambacho sikukisikia vizuri na sikumwomba arudie.

Lakini kwenye ukurasa wa shimo, pembeni, yule bwana mwenye miwani ameandika kwa kalamu nyekundu: Je, lilikwisha?

Nimemwomba ofisa kalamu. Nikaandika chini yake: Ndiyo, na linatumika.

Nilitoka nikiwa na nguvu kidogo. Mtu haulizi swali kama jibu halikumgusa. Bila shaka huyu alinipitisha. Wenzake ndio hawajui maisha.

Longinus amesema pole. Hakusema nilikwambia. Angesema ningemjibu, nilikuwa nimeshaandaa jibu, nikabaki nalo mdomoni jioni nzima. Amepigilia mbao mbili na kipande cha turubai, ameziweka mlangoni mbele ya pazia. Mama mkwe amejigonga kichwa akiingia.

Jumatatu, 28 Julai

Shamsia ameondoka leo asubuhi na lori la baba yake. Kabla ya kupanda alisimama mbele ya duka, watu wamejaa, akatangaza kwa Kiswahili chake kinachoteleza kwamba aliyemfundisha ni Josepha. Kwamba alimpa majibu yote bila choyo, akamkazania ayakariri, akamkataza kubadilisha hata neno. Kwamba mwalimu wa namna hiyo Kasulu haijapata kuona.

Lori halijafika kona, wanawake wameshanizunguka. Mke wa polisi. Mke wa mganga wa zahanati. Yule mpole wa posta. Wawili walikuja kutoka Makere kwa miguu kumuaga Shamsia, wakafika jana jioni, kwa hiyo ni watu wazuri. Wote wanataka kufanya mtihani mwakani. Wote wanasema, Mama Esteri, tufundishe kama ulivyomfundisha Shamsia. Watanilimia shamba. Watamshika mtoto kwa zamu.

Nimewatazama mmoja mmoja. Nafasi ni moja.

Nikafikiri sana nikipima chumvi. Mwaka huu nilikosea wapi? Nimepaona. Muda! Majibu ya kweli ni marefu, kengele ikanikuta njiani. Mwakani nitaanza na lile la kondoo, ndilo lenye nguvu, na nitaongeza ushahidi: nitakwenda na mama mkwe mwenyewe hadi Kibondo, akae nje ya darasa, wakitaka kumhoji wamhoji. Amekubali. Ameshauliza atavaa nini.

Na hawa wanawake? Nimewakubali wote. Tunaanza Jumamosi, uani, karibu na choo kipya. Nitawafundisha kwa moyo mmoja, bila choyo: saa mbili, siku moja, jembe. Wakariri yote, neno kwa neno.

Maskini. Wanalima vizuri lakini watanaswa wote.